Kuliamsha Gari la Baba

9 Machi, Jumapili

Mvua imeanza, na bati la banda la gari limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu kabisa ya boneti. Mwaka jana Baba aliweka ndoo ya bluu pale akasema hiyo ndiyo kofia ya gari. Leo nimeiweka mimi.

Naandika kwa sababu nina mambo ya kusema na sina wa kumwambia. Nikimwambia mteja wa nguo, Shangazi atayapata. Nikimwambia Shangazi, basi nimetangaza mwenyewe. Hatukumwita Shangazi Redio bure. Ni dada yake Baba, anakaa mtaa wa pili, na mvua haijawahi kumzuia kupeleka habari.

Tulimzika Baba mwezi wa kwanza. Nimebaki mimi na Mama, cherehani yangu, na gari lake kuukuu lenye rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kila asubuhi Mama ananitaka niliamshe. Kuamsha lilikuwa neno la Baba. Awe na safari au asiwe nayo, kabla ya chai alikwenda kuliwasha akaliacha liungurume mpaka lipate moto. Sisi tuliyajua hayo kwa masikio, kutoka vitandani. Stata inalia, injini inakohoa, naye anakohoa, hujui nani kamwambukiza mwenzake. Kifua ndicho kilichomuua.

10 Machi, Jumatatu

Limewaka kwa shida. Mama alikaa ndani yake, kiti cha abiria, mikono mapajani, mpaka chai ikapoa.

13 Machi, Alhamisi

Gari halitaki kutulia. Likiwa barabarani halina neno, ila likisimama ndipo ugonjwa unapoanza. Mafundi huita sailensi ile hali ya injini kuunguruma yenyewe, gari limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. La kwetu haliwezi hiyo. Nikivuta choki, kile kitufe cha kwenye dashibodi kinachoifanya injini inywe petroli nyingi na hewa kidogo, linashika, linatoa moshi mweusi na kuunguruma kwa hasira. Nikikirudisha, mlio unapanda, unashuka, unapanda tena kidogo, unashuka zaidi, halafu kimya.

Wiki yake ya mwisho Baba alipumua hivyo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikihesabu kwa moyo kila pumzi iliyorudi. Sasa kila asubuhi nasimama bandani nikihesabu tena.

Nilimwambia Mama tuliache lipumzike mpaka mvua zipite. Akanitazama kana kwamba nimetaka kumuuza.

"Lisizime," alisema. "Siku litakapozima lisiwake, atakuwa ameondoka kweli."

Basi tunaliacha liungurume na choki imevutwa.

17 Machi, Jumatatu

Sakafu ya banda iko chini kuliko uwanja, na maji yameanza kuingia. Mama ameamuru milango ya banda ifungwe na magunia yasokomezwe chini yake. Kuamsha kunaendelea humo humo ndani. Chumba changu cha kushonea kinapakana na banda, na mlango mdogo wa katikati haujawahi kufunga sawasawa. Harufu ya petroli imejaa kwenye sare za watoto wa watu. Mimi hainiudhi. Baba alinuka hivyo maisha yake yote, hata akiwa ametoka kuoga.

Kichwa kinaniuma. Hali ya hewa hii.

20 Machi, Alhamisi

Kaka amepiga simu. Mama ameitazama simu ikilia mpaka ikachoka.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Anafanya kazi mji mwingine. Baba alilazwa, hakuja. Baba akafa, hakuja kuzika. Alikuja matanga yamekwisha kuanuliwa, akasimama mlangoni na begi lake, na Mama akamwambia mbele ya watu wote waliobaki kwamba hatakanyaga ndani ya nyumba hii mpaka baba yake mwenyewe amfungulie mlango. Shangazi Redio alikuwepo, kwa hiyo kiapo kile kilifika mwisho wa mji kabla Kaka hajafika kituoni.

Tangu siku ile Mama hamtaji. Hali chakula cha maana pia. Naona mabega yake yanavyochomoza kwenye gauni, na mimi ndiye ninayelipunguza gauni lenyewe, kila mara kidogo.

22 Machi, Jumamosi

Nimemsikia.

Naandika pole pole ili niandike lililotokea, si zaidi. Nilikuwa cherehanini tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga bati, gari linaunguruma upande wa pili wa ukuta, Mama yumo ndani yake. Kichwa kilikuwa kizito, macho yanataka kufumba. Nikasikia kikohozi cha Baba.

Si kikohozi cha mtu yeyote. Baba alikuwa na namna yake. Kwanza anasafisha koo kidogo, kama anayeomba ruhusa, kisha kinakuja kile kikubwa, na mwisho anaguna, kwa hasira dhidi ya kifua chake mwenyewe. Nimekisikia chote, mpaka guno. Nilinyanyua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Sindano ilisimama katikati ya kola.

Nikafungua mlango mdogo. Banda limejaa moshi wa bluu. Mama amekaa kiti cha abiria, amefumba macho. Kiti cha dereva kitupu, na lile shimo lililochimbwa na umbo la Baba miaka yote liko palepale.

Sikumuuliza Mama kitu. Niliogopa angesema hakusikia.

23 Machi, Jumapili

Kichwa. Sikushona.

27 Machi, Alhamisi

Leo limezima hata na choki. Mama alitoka bandani midomo imemkauka, nikaenda moja kwa moja kumwita Fundi Kobe. Anaitwa hivyo kwa mwendo wake. Ni mzee, amestaafu, alikuwa rafiki wa Baba, na walikuwa wakibishana juu ya kabureta ya gari hili, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, tangu sijazaliwa.

Mama hakumruhusu aguse. Mkono wa mwisho kuingia humo ni wa marehemu, alisema, na mkono utakaofuata utakuwa wa damu yake au hakuna. Fundi Kobe hakubisha. Aliomba kigoda, akaketi, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, na Mama akasimama nyuma yake kuilinda ile mikono. Mimi ndiye niliyefungua. Yeye anasema, mimi natenda, Mama anachunga.

Nilivua chujio la hewa, nikaona kabureta kwa mara ya kwanza. Ni kidude kidogo kuliko nilivyodhani, cheusi kwa uchafu. Fundi Kobe akanionyesha kwa kidevu ilipo jeti ya sailensi, kijiti cha shaba chenye tundu jembamba kuliko la sindano yangu ya kudarizi. Injini ikiwa imesimama kwenye sailensi inanyonya petroli kupitia tundu hilo tu, kwa hiyo chembe ya vumbi inatosha kuisonga. Nikaitoa, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, sikuona mwanga upande wa pili. Nikaipuliza. Ladha ya petroli ilibaki mdomoni mpaka jioni. Akanionya nisitie waya ndani, maana tundu likipanuka hata unywele mmoja, gari halitatulia tena maisha.

Liliwaka. Bila choki lilipanda na kushuka muda mrefu kidogo kuliko zamani, kisha likazima. Fundi Kobe akasema kuna mahali linanyonya hewa ya wizi, isiyopita kwenye chujio. Angetaka kuangalia zaidi, lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutoka mgongoni, na Mama akamshukuru akamsindikiza.

Tumerudi kwenye choki.

2 Aprili, Jumatano

Mama ametoka bandani asubuhi hii macho mekundu, uso umechangamka vibaya. Alisimama kwenye mlango wangu akiushika mwimo asianguke.

"Baba yako amesema mtoto arudi nyumbani."

Nilimuuliza amesema vipi. Amesema hivyo hivyo, alinijibu, kwa mdomo wake, na kuwa mlango amefungua yeye. Kisha akataka simu. Nikamsikia akiongea na Kaka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mazishi, akimwagiza aje na koti kwa sababu kuna baridi.

Alipomaliza akampigia Shangazi Redio, yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Sijawahi kuona mtu akitumia redio kwa faida namna hiyo.

Kwa hiyo simsikii peke yangu. Nimekaa kwenye kiti nikalia kwa kufarijika, nikalowesha kitambaa cha mteja.

5 Aprili, Jumamosi

Kaka amefika. Amekonda, ndevu zimemwingia mvi ambazo hana umri nazo. Mama alimpokea begi kabla hajavuka kizingiti. Ana chumba cha mbele. Mama amekula sahani nzima leo, akamwongeza Kaka, akaniongeza na mimi, akatutazama tukitafuna.

9 Aprili, Jumatano

Kaka bandani hakanyagi. Akienda uwani anazunguka mbali, na asubuhi tukiwa tunaliamsha gari yeye ameshatoka, eti anatafuta kazi hapa mjini asirudi kule. Nilimtania kwamba hakuna mwajiri anayeamka saa hizo. Akacheka, macho hayakucheka. Nilipomkazia akaniambia neno moja tu, kwamba aliogopa. Hospitali aliogopa, mazishi aliogopa. Na gari lile akiliangalia, anaogopa.

Mimi niliyekuwa nimemwekea kinyongo tangu mwezi wa kwanza, leo nimekitafuta sikukiona. Mtu mzima mwenye mabega yale, na anapita ukutani ili asilione gari.

10 Aprili, Alhamisi

Amekohoa tena. Nimeona na bega lake, kupitia ufa wa mlango, shati la kijivu. Nilipofungua palikuwa na Mama tu.

Mbona kwa Mama anaongea na kwangu anakohoa? Ni wivu, najua. Nauandika ulivyo.

14 Aprili, Jumatatu

Kichwa, na kichefuchefu. Mama pia. Mvua haijakatika.

16 Aprili, Jumatano

17 Aprili, Alhamisi

Jana niliandika tarehe nikashindwa. Naandika leo, kitandani, Mama amelala kitanda cha pili, anapumua sawasawa. Nimemtazama muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Jana mvua ilikuwa kubwa kuliko zote. Niliwasha gari, nikavuta choki hadi mwisho kwa sababu lilikuwa linasuasua, nikamwacha Mama ndani, nikaenda kwenye kola zangu. Nakumbuka mshono wa kwanza. Nakumbuka kikohozi kilikuja mapema, karibu sana, safari hii hakikutoka bandani, kilitoka nyuma ya kiti changu. Sikugeuka. Nilifurahi. Nataka niliandike hilo kwa sababu ndilo linalonitisha kuliko yote. Nilifurahi, nikaweka shavu juu ya shati la mtoto wa mtu, nikajiambia nisubiri akohoe mara nyingine ndipo nigeuke. Mikono ilikuwa mizito na sikuona sababu ya kuiinua.

Kinachofuata ni mvua usoni. Nilikuwa nimelala chali uwanjani kwenye matope, na Kaka yuko juu yangu ananipiga mashavu. Mama alikuwa ameshalazwa pembeni, midomo yake imebadilika rangi. Nilitapika. Kaka alikuwa anamtikisa huku akimwita Mama, Mama, Mama, kwa sauti ya mtoto mdogo, mpaka Mama akavuta pumzi iliyokwaruza akamwambia aache kumvunja mbavu.

Alikuwa amerudi kwa sababu ya mvua. Akaona moshi unatoka chini ya mlango wangu. Mtu anayeogopa kuliangalia gari alipiga teke milango ya banda, magunia na maji na yote, akaingia kwenye moshi akambeba Mama, akarudi tena akanifuata mimi.

Hospitali walituwekea hewa puani. Nesi aliuliza tulikuwa tunapika na mkaa ndani? Kaka akamweleza habari za gari. Nesi akasema moshi wa gari unalewesha taratibu, mtu anaumwa kichwa siku nyingi, anasikia visivyokuwepo, anaona visivyokuwepo, kisha analala. Alisema hivyo huku anaandika joto la mwili wangu, hakujua alichokuwa ananinyang'anya.

Tukiwa tunarudi, Kaka aliniuliza kitu ambacho bado kinazunguka kichwani.

"Mbona hamkuwa mnalitoa nje? Baba hakuwahi kuliwasha bandani. Alilisukuma kwanza mpaka uwanjani. Mimi nilikuwa namsukumia, tangu nikiwa darasa la pili mpaka nilipoondoka."

Sisi hatukujua. Alikuwa amekwisha kulisukuma sisi tukiwa bado tumelala. Tuliyaiga yale yaliyokuwa na sauti, na kusukuma gari hakuna sauti.

20 Aprili, Jumapili

Kimya. Gari halijaamshwa. Mama hajaniuliza chochote kuhusu maneno ya nesi, na sijui aliyasikia au hakuyasikia. Kama ni moshi uliokohoa kwangu, basi ni moshi uliomfungulia Kaka mlango. Na Mama akilijua hilo, je? Alikula kiapo mbele ya watu, naye si mtu wa kumeza kiapo chake. Jana nimemwona akimkunjia Kaka shati. Sitasema kitu.

22 Aprili, Jumanne

Mama ametaka gari litengenezwe. Nje, amesema, lakini litengenezwe. Kaka na mimi tulilisukuma uwanjani mvua ilipotulia, naye alilisukuma akiwa ameangalia chini, lakini alilisukuma. Fundi Kobe akaja na kigoda chake, mikono nyuma ya mgongo bila kuambiwa.

Alinipa kipande cha mpira kirefu, akaniambia niweke ncha moja sikioni kama daktari na ile nyingine niitembeze taratibu kuzunguka kabureta injini ikiwa inaunguruma. Nikaitembeza. Huku kishindo cha kawaida, huku tiki tiki, kisha nyuma kabisa, chini, nikasikia msonyo mwembamba usiokatika. Hewa ya wizi.

Ilikuwa inaingia kwenye mpira mdogo unaounganisha kabureta na breki. Mpira umepasuka. Na juu ya ule ufa palikuwa pamefungwa kitambaa, kimezungushwa vizuri na kukazwa kwa uzi. Nilikijua kitambaa kabla sijakigusa. Ni bluu ya sare za shule, kipande kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vyangu, na uzi ni wangu pia, ule mzito wa vifungo. Baba alikuja akaokota chini ya meza yangu bila kuomba. Fundo alilifunga kifundi, lakini mwisho wake alikuwa ameuficha ndani kama ninavyofanya mimi ili usionekane. Kumbe alikuwa ananitazama nikishona.

Kitambaa kilikuwa kimeoza kwa petroli. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kigoda.

"Ni lazima ukikate?" aliniuliza.

Fundi Kobe alijibu badala yangu, kwamba ndicho kinachovuja. Nikachukua mkasi wangu wa nyuzi nikakata. Mpira mpya uliingia bila shida. Kisha nikageuza skrubu ya sailensi na ile ya mchanganyiko, huku kidogo, huku kidogo, Fundi Kobe amefumba macho akisikiliza, anatikisa kidole kimoja nyuma ya mgongo, ongeza, rudisha, rudisha, acha. Nikasukuma choki ndani.

Halikupanda, halikushuka. Liliunguruma mlio mmoja, mdogo, ulionyooka, na ndoo ya bluu tuliyoiweka juu ya paa lake haikutikisika. Fundi Kobe alifumbua macho akasema marehemu angekasirika, maana miaka yote alibisha kwamba haliwezi kutulia hivyo.

Nilisimama nikingoja lipumue. Halikupumua.

23 Aprili, Jumatano

Nimelirudisha bandani, nimeshona siku nzima. Hakuna kitu, hata kikohozi. Kichwa chepesi, macho yako wazi. Nimemlilia kuliko siku ya mazishi.

27 Aprili, Jumapili

Tunalisukuma, tunaliwasha, Mama anakaa ndani yake, tunalizima. Kaka bado anasukuma akiangalia chini. Mvua zinapungua.

3 Mei, Jumamosi

Nilijua ingefika. Fundi Kobe alimsimulia mkewe habari za moshi na maneno ya nesi, aliyoyapata kwa Kaka, mkewe akakutana na Shangazi Redio, na leo Shangazi amekuja akiwa amevaa vizuri, dalili mbaya. Alisubiri tuwe wote mezani. Kisha akasema anamshukuru Mungu kwa kutuponya, na kwamba sasa ukweli umejulikana kuwa kaka yake hakusema lolote, maskini, ni moshi tu wa gari.

"Basi kama ni moshi," akasema akimtazama Kaka, "kiapo kiko palepale."

Sijawahi kutaka kumziba mtu mdomo kwa mkate, leo nilitaka. Nikamtazama Mama. Mama alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kaka aliinuka akaenda chumba cha mbele, na nikasikia zipu ya begi.

4 Mei, Jumapili

Asubuhi kulikuwa na jua, la kwanza tangu nianze kuandika. Begi la Kaka lilikuwa mlangoni, na mwenyewe alikuwa anafunga viatu pole pole. Mama alipita karibu yake bila kumtazama, akaniambia tukaliamshe gari. Tulilisukuma sisi wawili, mimi na yeye, mara ya kwanza kwake kusukuma. Alisukuma kwa mgongo.

Nikaketi kiti cha Baba nikawasha. Yeye kiti chake. Milango tuliiacha wazi. Injini ilitulia kwenye ule mlio wake mmoja, na tukakaa hivyo, nikimtafutia maneno ya kumsihi juu ya Kaka, nisiyapate.

"Hajawahi kusema neno," Mama akasema.

Nilifikiri anamsema Kaka.

"Baba yako. Tangu tumzike hajasema neno na mimi. Nilikaa humu kila siku nikimsubiri. Nikamwambia, nimekula kiapo cha kijinga, nitoe humo, sema kitu kimoja tu nipate pa kupitia. Hakusema. Nikaona nikiendelea kumngoja nitampoteza na mtoto. Basi nikasema mimi, nikamsingizia yeye."

Aliangalia mikono yake. Nilijaribu kukumbuka uso wake ile asubuhi, macho mekundu, mwimo wa mlango. Nilikuwa nimeyaona yote yale na nikasoma kitu kingine kabisa.

"Mimi nilimsikia," nikamwambia.

Aligeuka kiti kizima kikalia. "Lini?"

Nikamweleza. Cherehani, mvua, ufa wa mlango, bega. Nikamwambia ni moshi, kama alivyosema nesi na kama alivyosikia mwenyewe jana mezani. Alitikisa kichwa kwa haraka, kama mtu anayekubali ili upite uendelee. Alikuwa amenishika mkono, kucha zimeingia.

"Alisema nini?"

"Hakusema, Mama. Alikohoa tu."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Wiki zote hizi nilimwonea wivu. Amekaa kwenye moshi ule nusura umuue, na hakupata hata guno.

"Alikohoaje?" akaniuliza. Kisha, taratibu, akiona haya, mama yangu ambaye hajawahi kuniomba kitu zaidi ya chumvi, akaniomba nimkoholee.

Nilisafisha koo kidogo, kama anayeomba ruhusa. Kisha kile kikubwa, kutoka chini kabisa ya kifua. Kisha guno. Sikujua kama ninacho ndani. Kilitoka chote, na Mama akafumba macho, akaegemeza kichwa nyuma.

Ndani ya nyumba kitu kilianguka. Kaka alitokea mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, ameishiwa rangi. Alilitazama gari moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. Alinitazama mimi kwenye kiti cha Baba. Mdomo wake ulifunguka, na nilichokisikia ni neno lile alilomwitia Baba tulipokuwa wadogo.

Mama alifumbua macho.

"Siye," alimwambia. "Ni dada yako. Na mlango hakukufungulia yeye, nilikufungulia mimi, na huyo shangazi yako nitamwambia mwenyewe leo hii. Rudisha begi ndani, mwanangu, halafu njoo utusaidie kulirudisha gari."

Kaka alivaa kiatu cha pili, pale pale mlangoni, akaja. Nilizima injini, ikazima mara moja, kistaarabu. Wao wakasukuma kwa mbele, Mama upande mmoja na Kaka upande mwingine, mimi nikiwa kwenye usukani, na Kaka alisukuma akiangalia juu, akinitazama kupitia kioo. Katikati ya uwanja koo liliniwasha kweli, baridi ya asubuhi, na nikameza kikohozi nisije nikawashtua tena.